Kasiano Mwenye Majibu

Mimi Pili binti Nassoro, fundi cherehani wa Muyinga mjini, sina ugomvi na Kasiano. Watu wanasema namsema vibaya. Si kweli. Namsema alivyo, na kama alivyo ni vibaya, mkamlaumu yeye, mimi mniache na mashine yangu.

Kasiano ni mkulima wa Gashoho. Alikimbia vita akavuka mpaka kwenda Tanzania mwaka tisini na tatu akiwa na miaka saba, akakulia kambini huko Ngara, akarudi mwaka elfu mbili na nane akiwa kijana mrefu mwenye Kiswahili cha redioni. Kiswahili chetu sisi wa Muyinga kilimkera kuliko njaa. Ukisema "baba iko nyumbani", anakunja uso kama amekula ndimu.

"Yuko, Mama Pili. Baba yuko."

"Iko ao yuko, si amefika nyumbani? We baba yako iko wapi?"

Baba yake alikuwa amezikwa kambini. Nilijuta kusema vile, lakini si sana.

Kule kambini Kasiano hakulima wala hakuchoma mkaa. Kazi yake ilikuwa majibu. Kila baada ya muda walikuja watu wenye mafaili kuwahoji wakimbizi: ulitoka kilima gani, maana kwetu kilima ndicho kijiji, ulivuka mto gani, shefu mkuu wa kilima chenu alikuwa nani, nyumba yenu ilitazama wapi. Aliyejibu vizuri alipata karatasi nzuri, na wengine walipandishwa ndege wakaenda kuishi kwenye theluji. Aliyejichanganya alibaki kwenye foleni ya mahindi. Basi Kasiano, kijana wa miaka kumi na saba, akawa anayakusanya maswali kwa waliokwisha kuhojiwa, anayapanga, anayatungia majibu, kisha anawakaririsha watu nyuma ya hema. Wake kwa waume, watu wa umri wa mama yake, walikaa chini mbele yake na kuitikia kama watoto wa madrasa.

Kanuni yake ilikuwa moja: jibu lisilo na kovu halisadikiki. Usiseme nyumba yenu ilikuwa na mlango. Sema mlango ulikuwa wa bati, na bati lilikuwa na tundu la msumari, na kupitia tundu hilo ulimwona mama yako akipika. Kuna watu wako Kanada leo kwa ajili ya tundu la msumari.

Jibu moja tu hakulitunga yeye. Aliachiwa na baba yake, nalo ni mipaka ya shamba lao la Gashoho. Mzee alimkaririsha mpaka siku ya kufa: toka kwenye umuvumu, ule mti aliopanda babu uani, shuka mpaka jiwe jeupe, fuata kijito mpaka kwenye mianzi, panda mpaka njia ya sokoni, geuka, rudi kwenye umuvumu. Kasiano aliyajua maneno hayo kuliko Baba Yetu uliye mbinguni. Aliporudi Burundi hakuwa na kitu kingine, na hakutaka kitu kingine. Alitaka lile shamba.

Shamba lilikuwa na mtu. Alikuwepo mama mmoja mjane wa kilima hicho hicho, Anisia, ambaye nyumba yake mwenyewe ilichomwa katika vita vile vile, na wakubwa wa wakati huo wakamweka pale kwa sababu palikuwa patupu. Amelima hapo miaka na miaka. Kasiano akapanga chumba nyuma ya duka sokoni Gashoho, akalima vibarua vya watu, na kila alipopata nafasi aliandika barua kwa tume ya ardhi. Miaka mitano. Barua zilikuwa nzuri, mimi nimezisoma. Ukizisoma unatamani kumpa na shamba lako.

Lakini sikilizeni ujinga huu. Miaka yote mitano hakuwahi kupanda kile kilima kumsalimia yule mama. Kwetu hata mtu unayemshitaki unamwendea kwanza, mnaulizana habari za watoto, mnakunywa pamoja kwenye kibuyu kimoja kama nyinyi ni wanywaji, ndipo mnachukiana kwa heshima. Kasiano alisema akienda ataharibu kesi. Alimwandikia kupitia ofisi, naye Anisia hajui kusoma.

Sasa Italia. Koperativi yetu ya Muyinga, ya wakulima na mafundi, ilikuwa na marafiki katika parokia moja ya mji wa Lucca. Rafiki mkubwa alikuwa Lucia, mama wa Kiitaliano aliyewahi kukaa huku kwetu Mutoyi miaka ishirini akiwa muuguzi, na Kirundi chake ni safi kuliko cha wajukuu zangu. Wakaomba watu wawili wakatembee huko wiki moja. Tukaitwa Gitega, kule misheni ya Mushasha, watu kumi na wawili, Padri Gervasi atuchague. Tulikaa kwenye benchi tumevaa nguo za Pasaka, hata sisi Waislamu.

Padri aliuliza kila mtu swali moja. "Bon, we unataka kwenda Italia kufanya nini?"

Kasiano alisimama. "Kujifunza upendo usio na mipaka, Padri, ili nikirudi niwe daraja kati ya ndugu."

Padri alivua miwani akaifuta. Ilipofika zamu yangu nikasema, "Mi Padri nataka kupanda ndege. Na nione kama ni kweli kule nguo za wanawake zinashonwa na wanaume."

Akatuchagua sisi wawili, nadhani mmoja kwa ajili ya mbingu na mwingine kwa ajili ya dunia. Njiani kurudi Muyinga, huyo daraja kati ya ndugu akaniambia shabaha yake halisi. "Mama Pili, karatasi moja tu yenye muhuri wa Ulaya ndani ya faili langu. Moja tu. Tume itasimama wima."

Lucca ni mji wa zamani sana, umezungushiwa ukuta mnene hata watu wanaendesha baiskeli juu yake na miti imeota huko huko juu. Ndani mna vichochoro, makanisa mengi kuliko dhambi, na mnara mmoja wenye miti kichwani kama mama anayetoka kutafuta kuni. Nilipenda. Nilisalimia watu wote njiani siku ya kwanza, wakaniitikia watatu. Siku ya pili wakaniitikia saba. Ningekaa mwezi, ningeumaliza mji.

Siku ya tatu asubuhi Lucia akatuletea kijitabu. Akaeleza kwamba kuna mchezo wanaoupenda huko: unautembelea mji mwenyewe, bila kiongozi. Kila kituo kina fumbo. Unasimama, unatazama, unahesabu au unatafuta kitu kilichofichika ukutani, na ukilifumbua fumbo linakuonyesha njia ya kwenda kituo kinachofuata. Familia za parokia nazo zitacheza siku hiyo. Saa kumi wote tukutane ukumbini. Kijitabu kilikuwa cha Kiitaliano, naye alikaa wiki nzima akikitafsiri kwa Kirundi, kwa mkono wake, kwa wino wa buluu, mafumbo kumi na mawili.

Mimi kwanza niliudhika. Kwetu mgeni anasindikizwa hata akienda msalani, na hapa napewa karatasi naambiwa nenda! Lakini nilipoona ule mwandiko moyo ukalainika. Mwanamke wa watu ana wajukuu, ana mguu mbovu, na ameandika yote yale kwa ajili yetu.

Kasiano hakusikia neno mchezo. Aliona mambo matatu: maswali, saa ya mwisho, na ukurasa wa nyuma wenye mahali pa jina na mahali pa muhuri.

"Ni usaili huu," akaninong'oneza Lucia alipoondoka.

"Mi naona ni mchezo tu. Ata watoto wako wanacheza."

"Kambini pia walileta watoto. Watoto ni wa kukufanya ujisahau."

Na kulikuwa na bahasha. Lucia alitupa bahasha iliyofungwa kwa gundi, ndani yake majibu, akatuomba tuifungue tu kama tumekwama kabisa. Jamani! Mtu amepoteza ujana wake akiwinda maswali ya wenye mafaili, leo wenye mafaili wanamtilia majibu mkononi na kumwomba asifungue. Aliichana kabla Lucia hajapinda kona.

Tukapanda juu ya ukuta, tukakaa kwenye benchi, na hapo ndipo nilipouona mji wa Lucca kwa saa sita mfululizo: mgongo wa benchi, mti mmoja, na mbwa wa watu waliokuwa wakipita. Kasiano alinikaririsha. Kiwanja cha duara kina milango minne. Nguzo za kanisa lile hazifanani. Kwenye baraza ya kanisa kuu kuna nguzo iliyochongwa njia zinazojizungusha, unazifuata kwa kidole mpaka katikati. Hiyo ilinikaa rohoni. Nikataka kuitia kidole.

"Twende tuone ata hiyo moja, Kasiano. Ni hapa karibu."

"Ukiona utachanganyikiwa," alisema. "Anayejibu kwa kuona anasitasita."

Na mimi, Pili ninayewacheka wenzangu, nilikaa. Viatu vilikuwa vya kuazima na vilinibana, na mji ule wenye kona niliuogopa kidogo. Semeni mtakavyo.

Saa kumi ukumbi ulijaa. Baba, mama, watoto wenye magoti ya vumbi, wote wakipiga kelele na kuonyeshana walichoandika. Lucia akawa anasoma fumbo kwa Kiitaliano, kisha kwa Kirundi, na watu wanainua mikono. Kasiano aliinua mkono kila mara, akapata kila mara. Padri wa pale akawa anatikisa kichwa kwa mshangao. Kijana akavimba. Ikafika fumbo la tisa: kwenye kisima cha kile kiwanja kidogo, simba wangapi wanatema maji?

Kasiano hakungoja. Alisimama. "Watatu," alisema. "Wa katikati amevunjika sikio la kushoto, na maji yake hutoka kidogo kidogo. Niliyaonja. Ni ya baridi sana."

Lucia alitafsiri, na sauti yake ilipungua kadiri alivyoendelea. Halafu mtoto mmoja akaangua kicheko, wakafuata wengine, kisha na baba zao. Kisima kilikuwa kimezibwa kwa mbao tangu Jumatatu, mafundi wanakitengeneza, hata tone la maji hakuna. Lucia mwenyewe aliambiwa asubuhi ile. Familia zote ziliandika neno moja: mbao.

"Hamkwenda?" akatuuliza kwa Kirundi.

"Hatukwenda," nikasema. Wallahi nilitamani sakafu inimeze na viatu vya watu.

Kasiano akakohoa. "Huenda simba wako nyuma ya mbao."

Lucia hakukasirika. Angekasirika ningepata nafuu. Alikitazama kile kijitabu chenye mwandiko wake wa buluu, kisafi kama alivyotupa, hata kona haikukunjika. Kisha akachukua muhuri akaugonga kwenye karatasi ya Kasiano kama walivyogongewa wengine, akampa. Mtu mwingine angeirudisha. Yeye aliupuliza wino ukauke.

Mnadhani nitasema Ulaya ilimfundisha? Haikumfundisha kitu. Alirudi Gashoho akatangaza kwamba amefaulu mtihani wa Italia, mafumbo kumi na moja kati ya kumi na mawili, na watu wakaanza kumwita profesa. Mimi nilinyamaza kwa sababu na mimi nilikuwa kwenye lile benchi.

Mwezi wa saba tume ya ardhi ikafika Gashoho kuikata kesi pale pale shambani. Kasiano aliniita niwe shahidi wa karatasi yake. Nilikwenda, nisidanganye, nilikwenda pia kutazama. Nusu ya kilima ilikuwepo. Anisia alikuwa amesimama kwenye mihogo yake, mama wa miaka sitini hivi, jembe mkononi, hajabadilisha hata nguo za kazi. Kwake yeye hiyo ilikuwa siku ya kufukuzwa kwa mara ya pili, na aliisubiri akiwa analima.

Mkubwa wa tume, bwana mmoja mwenye buti na haraka, akamwambia Kasiano aseme. Akasema. Toka kwenye umuvumu shuka mpaka jiwe jeupe, mpaka mwisho, bila kukosea, sauti ikipanda na kushuka mahali pake. Watu walipiga makofi. Kisha akatoa karatasi ya Lucca kwenye faili kama anatoa upanga. Mkubwa wa tume akaigeuza, akaigeuza tena, akanipa mimi nimweleze inasema nini.

"Donc hii inasema we ulitembea ndani ya muji," akasema nilipomaliza. "Sawa. Sasa tembea hapa."

Kasiano akaondoka mbio mbio, mdomo ukiwa mbele ya miguu. Akasimama katikati ya mihogo akanyoosha mkono. "Huu hapa umuvumu wa babu!"

Mhogo mmoja ulitikisika kwa upepo. Mti haukuwepo. Kilima kizima kilicheka.

"Muti iko wapi?" akauliza mkubwa wa tume.

"Ulikuwa hapa. Mkubwa, wenye matawi mawili. Tawi la kulia lilikuwa na tundu, ndani ya tundu mlikuwa na nyuki."

"Haukuwa na nyuki," alisema Anisia. Ndipo aliposikika mara ya kwanza.

Mkubwa wa tume akafunga faili. Akasema, asiyejua mti hajui shamba, na maneno matupu hata kasuku anayo, twende kesi inayofuata. Nilimtazama Kasiano. Alikuwa anasogeza midomo, anarudia maneno ya baba yake tangu mwanzo, kimya kimya. Miaka ishirini ya kukariri, na ilikuwa inamtoka mikononi mbele ya watu. Nilimhurumia, na kumhurumia kulinikasirisha.

"Ngojeni," akasema Anisia. Alisema kwa Kirundi; nawapa nilivyosikia. "Miaka mitano mtoto huyu ananiletea karatasi. Hajaniletea hata salamu. Leo nimuulize mimi." Akaja mbele yake. "Achana na maneno ya baba yako. Nayajua. Alikuwa akiyasema akilewa, hata kabla hamjakimbia. Wewe mwenyewe, hapa, unakumbuka nini?"

Kasiano akatazama chini. Akatazama mteremko, halafu ua wa Anisia, halafu tena chini, na ilichukua muda mrefu mpaka watu wakaanza kuguna.

"Mbwa," akasema.

Watu wakacheka tena, na mimi, Mungu anisamehe, nilicheka kuliko wote. Nilijua lile ni tundu jingine la msumari.

"Kulikuwa na mbwa mwekundu," akasema, na Kiswahili cha redioni kilikuwa kimemwishia, alikuwa anasema Kirundi cha mtoto. "Siku tunaondoka, baba alisema asitufuate. Akibweka tutasikika. Mimi ndiye niliyemfunga."

Alikuwa ameanza kutembea. Alipita pale aliponyoosha mkono mwanzoni, akateremka polepole, akitazama kila anapokanyaga, hatua kama thelathini, mpaka karibu na ua. Akachuchumaa. "Kulikuwa na mzizi umetoka nje, nilikuwa naukalia. Nikamfunga hapo kwa kamba ya mbuzi. Nilikaza fundo mara mbili. Hapa."

Anisia akamfuata na jembe. Akasukuma majani, akachimba udongo kidogo, mara mbili, mara tatu, jembe likagonga. Kisiki kilikuwa cheusi, kipana kama meza ya kukatia nguo.

"Niliukata mwaka wa njaa," akaiambia tume. "Ni mtoto wa hapa huyu."

Alijua anachokisema kinamgharimu nini. Mkubwa wa tume akafungua faili, akaandika akiwa amesimama, akaligawa shamba nusu kwa nusu kama anavyokata mkate: upande wa kijito kwa Kasiano, upande wa nyumba ubaki kwa Anisia. Halafu wakaenda kwenye kesi nyingine, na watu wakawafuata.

Kasiano alibaki amechuchumaa. Nilikwenda kumwinua, nikiwa na maneno ya kumtania, na sikuyasema, kwa sababu alikuwa analia na kamasi zinamtoka kama mtoto wa miaka saba. Hakuuliza habari za mipaka.

"Na yule mbwa?" akamuuliza Anisia.

Anisia aliegemea jembe. "Alibweka siku mbili. Siku ya tatu nikatoka nilikojificha, nikaja kumfungua. Fundo lilinishinda, nikakata kamba kwa panga."

"Akaenda wapi?"

Anisia akanyoosha mkono ng'ambo ya kijito, kule kwenye njia ya mpakani.

"Mlikopita nyinyi," akasema.